Chipu inaiweza 4K, video inakwama: uchambuzi wa diski iliyohamishiwa mashine nyingine

Mashine ni kompyuta mpakato yenye prosesa ya Intel Core i5-8250U, kori nne na nyuzi nane, pamoja na chipu ya michoro ya UHD Graphics 620 iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Mfumo ni Debian 12 juu ya X11 (programu inayochora madirisha kwenye kioo), kichezeshi ni mpv, na kioo ni cha 1920×1080. Diski haikuzaliwa hapa. Ilitoka kwenye kompyuta ya mezani yenye kadi ya Nvidia, ikachomolewa, ikachomekwa kwenye mpakato huu, na mfumo ukawaka bila kusakinishwa upya. Draiva za Nvidia ziliondolewa, xorg.conf, faili la mipangilio ya X11, ikafutwa, eneokazi likatokea, na kwa macho kila kitu kikaonekana kimekaa sawa.

Malalamiko ni haya. Video za 1080p zinacheza vizuri. Za 4K zenye fremu 24 kwa sekunde zinakwenda dakika chache, kisha zinaanza kuruka. Za 4K zenye fremu 60 hazitazamiki kabisa: sauti inatiririka, picha inaganda, inaruka mbele, inaganda tena, na feni haitulii. Mwenye mashine amekwisha kubadilisha kichezeshi bila kupata nafuu, na sasa anafikiria kuongeza RAM.

RAM haihusiki. Sura hii ya ugonjwa, yaani nyepesi inapita, nzito kiasi inachoka baada ya muda, nzito zaidi inashindwa papo hapo, ni ya mashine inayosimbua video (kugeuza data iliyobanwa kuwa picha) kwa prosesa badala ya kipande cha chipu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Fremu 24 kwa sekunde humpa msimbuaji milisekunde 41.7 kwa kila picha; fremu 60 humpa 16.7 tu. Prosesa hii imejengwa kwa wati 15, kwa hiyo ikishapata joto inapunguza kasi yake, na faili lililokuwa linapita kwa shida linaanza kudondosha fremu. Hapo ndipo “dakika chache” zinapotoka.

Na hakuna ujumbe wa kosa popote, kwa sababu vichezeshi vingi vikikosa maunzi havisimami wala kulalamika. Vinarudi kwa prosesa kimyakimya. Kwa hiyo kubahatisha mipangilio hakufai. Kila kiungo kati ya faili na chipu kinapaswa kuulizwa peke yake, kwa amri inayolazimika kujibu.

Faili lenyewe kwanza

Watu wengi huanzia kwenye draiva. Ni kuruka hatua, maana kuna mafaili ambayo chipu husika haiyawezi hata draiva ikiwa kamili.

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries \
stream=codec_name,profile,pix_fmt,width,height,r_frame_rate faili.mkv
```

Jibu kwa faili sugu: `hevc`, `Main 10`, `yuv420p10le`, 3840 kwa 2160, 60/1. `Main 10` na `yuv420p10le`, yaani biti 10, ndiyo yenye uzito. Jina la kodeki, yaani njia ya kubana video, pekee halitoshi. “HEVC” ni ukoo, na chipu huwa inawajua baadhi tu ya wanaukoo. Kizazi cha Skylake cha Intel husimbua HEVC ya biti 8 kwa maunzi, lakini chini ya Linux hakina njia kamili ya biti 10. Kaby Lake, ambacho ndicho kizazi cha UHD 620 hii, kinaiweza Main 10 pamoja na VP9 ya biti 8 na 10. HEVC ya 4:2:2 (inayobeba taarifa nyingi za rangi kuliko 4:2:0 ya kawaida), ambayo baadhi ya kamera hurekodi, ilianza kuwezekana kwenye Ice Lake. AV1 ikaja na Tiger Lake. H.264 ya High 10 haimo kwenye chipu ya vizazi hivi vyote, ingawa ni kodeki kongwe kuliko HEVC. Anayeona faili dogo la 720p la aina hiyo likipanda kwenye prosesa asitafute mchawi.

Faili hili, basi, liko ndani ya uwezo wa chipu. Tatizo liko katikati ya njia.

Kiungo kwa kiungo

Njia yenyewe ina hatua tano: moduli ya kerneli `i915`, faili la kifaa `/dev/dri/renderD128`, maktaba ya libva inayobeba kiolesura cha VA-API (ambacho programu huombea chipu isimbue video), draiva ya libva inayoijua chipu hii, kisha programu.

Kerneli:

```
lspci -nnk -d ::0300
ls -l /dev/dri
```

Amri ya kwanza imetaja `8086:5917` na `Kernel driver in use: i915`. Ya pili imeonyesha `card0` na `renderD128`. Hatua hii imepita. Kama saraka ya `/dev/dri` ingekosekana, mshukiwa wa kwanza kwenye diski iliyotoka kwa Nvidia angekuwa neno `nomodeset` lililosahaulika ndani ya `/etc/default/grub`. Watu huliweka siku ya kusakinisha ili waone kioo, na hawalitoi tena. Likiwapo, `i915` haishiki chipu na hakuna kitakachofanya kazi juu yake.

Ruhusa zina mtego wake. Kwenye Debian `renderD128` ni mali ya kundi la `render`, na mtumiaji wa kawaida hayumo. Hata hivyo anayeingia kwa kuketi mbele ya mashine hupewa ruhusa ya ziada na logind, huduma inayosimamia vikao, ndiyo maana `ls -l` huonyesha alama ya `+` mwishoni mwa ruhusa. Anayeingia kwa SSH hapewi. Fundi akipima kutoka mbali ataambiwa amekatazwa, atamwingiza mtumiaji kwenye kundi, ataona vipimo vyake vimepona, na tatizo la kwenye kioo litabaki pale pale kwa sababu halikuwa la ruhusa. Pima ukiwa kwenye kikao chenyewe chenye hitilafu. Huduma zinazojiendesha zenyewe, kwa mfano seva ya video yenye mtumiaji wake, ndizo hasa zinazohitaji kundi hilo:

```
sudo usermod -aG render jina-la-mtumiaji
```

Sasa libva. Kifurushi cha `vainfo` kikisakinishwa na kuendeshwa ndani ya eneokazi, jibu ni hili:

```
libva info: VA-API version 1.17.0
libva info: User environment variable requested driver 'vdpau'
libva info: Trying to open /usr/lib/x86_64-linux-gnu/dri/vdpau_drv_video.so
libva info: va_openDriver() returns -1
vaInitialize failed with error code -1 (unknown libva error),exit
```

Mstari wa pili ndio kisa chote. Kuna kigezo cha mazingira, `LIBVA_DRIVER_NAME`, kinachoiamuru libva itumie draiva ya `vdpau`. Kwenye mashine ya zamani amri hiyo ilikuwa na maana: VDPAU ni njia ya Nvidia, na kulikuwa na daraja la kupitisha maombi ya VA-API kwenda huko. Hapa hakuna kadi ya Nvidia wala daraja, ila amri imebaki. Kigezo hicho kikiwekwa, libva haijaribu kitu kingine. Inafungua ilichoambiwa, inashindwa, inarudi mikono mitupu. Bila kigezo ingeitambua `i915` na kujaribu `iHD` kwanza, kisha `i965`.

Kabla ya kufuta chochote, thibitisha:

```
env -u LIBVA_DRIVER_NAME vainfo
```

Amri hii inaendesha `vainfo` kana kwamba kigezo hakipo. Matokeo: libva imejaribu `iHD`, ikarudishiwa -1, ikajaribu `i965`, ikarudishiwa -1. Kumbe kasoro ni mbili, na ya kwanza ilikuwa inaificha ya pili. Draiva za Intel hazimo kwenye diski. Kwa kawaida Debian huzileta zenyewe, kwa kuwa `libva2` hupendekeza `va-driver-all`. Lakini mfumo huu ulijengwa kwa `--no-install-recommends`, na kwenye mashine ya Nvidia hakuna aliyezikosa.

Tiba ya kwanza

Kutafuta kigezo kilipojificha:

```
grep -s LIBVA /etc/environment ~/.profile ~/.xsessionrc \
/etc/profile.d/* ~/.config/environment.d/*
```

Kimepatikana `/etc/environment`. Mstari ukafutwa. Faili hilo husomwa wakati wa kuingia, kwa hiyo kufungua dirisha jipya la terminali hakutoshi. Lazima kutoka kwenye kikao na kuingia upya. Kuubadilisha mstari uwe `LIBVA_DRIVER_NAME=iHD` kungefanya kazi pia leo, lakini ni kumtegea mtego huohuo atakayeihamisha diski hii safari ijayo. Kigezo hiki ni cha kupimia tu.

Draiva:

```
sudo apt install intel-media-va-driver
```

Hii ni `iHD`, ya kizazi cha Broadwell na kuendelea. Kwa chipu za kabla ya hapo, kama Haswell, kinachohitajika ni `i965-va-driver`. Kuna pia `intel-media-va-driver-non-free`, inayopatikana baada ya kuongeza sehemu ya `non-free` kwenye vyanzo vya apt. Kwa kutazama video, ile huru inatosha. Tofauti huja kwenye kusimba, yaani kubana video: Kaby Lake husimba HEVC kwa msaada wa vijiprogramu vya chipu ambavyo havimo kwenye toleo huru. Anayetaka kutengeneza HEVC kwa maunzi kwenye mashine hii atahitaji ile ya pili, na vifurushi hivyo viwili havikai pamoja.

Baada ya kuingia upya, `vainfo` imetoa orodha ndefu, na ndani yake:

```
VAProfileHEVCMain10 : VAEntrypointVLD
```

Kushoto ni aina ya video, kulia ni kazi inayoweza kufanywa. `VLD` maana yake chipu inapokea mkondo wa biti kama ulivyo kwenye faili na kurudisha picha iliyokamilika. Maneno yenye `Enc` ni ya kusimba. Watu huona `HEVC` kwenye orodha wakafurahi bila kuangalia upande wa kulia, au bila kuona kwamba walichopata ni `HEVCMain`, yaani biti 8, ilhali faili ni `Main10`.

Kipimo cha kusimbua peke yake, bila kioo wala kichezeshi:

```
ffmpeg -hide_banner -hwaccel vaapi \
-hwaccel_device /dev/dri/renderD128 \
-hwaccel_output_format vaapi \
-i faili.mkv -an -f null -
```

Tazama `speed=` mwishoni mwa mstari. Chini ya 1x hakuna kichezeshi kitakachookoa faili hilo. Endesha tena bila vipengele vya `hwaccel` upate kipimo cha prosesa. Tofauti ya namba hizo mbili ni faida ya chipu. Tahadhari moja: ffmpeg isipoweza kufungua kifaa husimama na kulalamika, lakini ikifungua kifaa halafu chipu ikaikataa aina ya video, huandika `Failed setup for format vaapi` na kuendelea na prosesa. Usisome namba ya mwisho bila kusoma mistari ya juu.

Ili kuwa na uhakika kabisa, sakinisha `intel-gpu-tools` na uendeshe `sudo intel_gpu_top` kwenye dirisha la pili. Mstari wa `Video` ukipanda, kipande cha kusimbua kinafanya kazi. Ukibaki sifuri, hakuna maneno ya programu yoyote yanayopaswa kuaminiwa.

Mbona bado inakwama?

Hapa wengi wangefunga kazi. `vainfo` ni safi, ffmpeg inakwenda mbio. Lakini mpv, kwa faili lile la fremu 60, bado inadondosha fremu, ingawa kwa nafuu. Kwa kubonyeza `I` kubwa, takwimu zinazobaki juu ya picha zinaonyesha kwamba maunzi yanatumika, ila kwa njia ya `vaapi-copy`. `intel_gpu_top` inaonyesha `Video` ikiwa na nafasi tele huku `Render/3D` ikiwa imejaa.

Jibu limo ndani ya `~/.config/mpv/mpv.conf`, ambayo nayo ilihama na diski:

```
vo=gpu
hwdec=auto-copy
profile=gpu-hq
```

Mistari miwili ya chini ina gharama, na kila mmoja gharama yake ni ya aina nyingine.

Neno `copy` lina maana kwamba chipu ikishasimbua, picha inarudishwa kwenye kumbukumbu ya kawaida ili prosesa iweze kuigusa, kisha inapelekwa tena kwa chipu ili ioneshwe. Fremu moja ya 3840×2160 ya biti 10 kwa mpangilio wa P010 ni baiti 24,883,200. Mara 60 kwa sekunde ni karibu gigabaiti 1.5 kwenda, na kiasi hichohicho kurudi. Chipu ya ndani haina kumbukumbu yake. Inagawana RAM ileile na prosesa, kwa hiyo msongamano huo unawagusa wote wawili. Njia hii huhitajika pale tu unapotumia vichujio vinavyoendeshwa na prosesa. Kwenye mashine ya zamani huenda vilikuwepo. Kwenye faili hili la mipangilio havimo tena.

`hwdec=vaapi`, bila `copy`, huiacha picha ilipo na kuikabidhi kwa sehemu ya kuchora kwa kupitisha rejea tu. Hakuna kinachonakiliwa.

`gpu-hq` ni jambo jingine. Ni kifungu cha mipangilio ya ubora: mbinu za kubadilisha ukubwa wa picha za `spline36` na `mitchell`, kupunguza ukubwa kwenye mwanga mstari, na kulainisha mikanda ya rangi. Kazi hiyo ya mwisho hufanywa kwenye ukubwa wa asili wa picha, yaani pikseli milioni 8.3 mara 60 kila sekunde, kabla ya yote kushushwa kuwa 1080p. Kadi kubwa ya mezani haihisi. UHD 620 inahisi sana. Ukurasa wa pili wa takwimu za mpv, unaofunguliwa kwa kubonyeza `2` takwimu zikiwa wazi, huonyesha muda wa kila hatua ya uchoraji. Jumla yake ikipita 16.7 ms kwa video ya fremu 60, fremu zitadondoka hata msimbuaji awe na kasi gani.

Hapo ndipo inafaa kutofautisha aina mbili za fremu zilizodondoka ambazo mpv huzihesabu kando. Zilizodondoshwa na msimbuaji ni dalili ya kusimbua kwa kuchelewa. Zilizodondoshwa wakati wa kutoa picha ni dalili ya uchoraji au kioo. Kabla ya tiba ya kwanza, msimbuaji ndiye aliyekuwa nyuma; baada yake, hesabu ilihamia upande wa pili. Ugonjwa ulikuwa umebadilika huku sura yake ikibaki ileile.

Mipangilio mipya:

```
vo=gpu
hwdec=vaapi
```

Kumbuka kwamba mpv, ikiachwa bila mstari wa `hwdec`, haitumii maunzi kabisa. Hilo ni chaguo la waundaji wake, wanaoona prosesa ndiyo njia yenye hitilafu chache zaidi. Thibitisha kwa:

```
mpv -v faili.mkv 2>&1 | grep -iE 'vaapi|decoding'
```

Mstari unaotafutwa ni `Using hardware decoding (vaapi)`. Faili la fremu 60 sasa linacheza hadi mwisho, hesabu zote mbili za fremu zilizodondoka zikiwa zimetulia. Anayeupenda ubora wa `gpu-hq` kwa filamu za 1080p anaweza kuuita kwa mkono, `mpv --profile=gpu-hq`, badala ya kuuacha ukibebeshwa kila faili.

Kilichobaki nje ya tiba

Kivinjari cha Firefox kilipona chenyewe, maana kilikuwa kinasoma kigezo kilekile. Tangu toleo la 115 kusimbua kwa maunzi kumewashwa kwa chaguo-msingi kwa chipu za Intel kwenye Linux. Ukurasa wa `about:support` una jedwali la kodeki lenye safu ya maunzi. Ila tovuti ikituma AV1, chipu hii haina la kufanya.

Dalili hizihizi kwenye mifumo mingine huwa na mzizi tofauti. Fedora iliondoa H.264 na HEVC kwenye draiva za Mesa mwaka 2022 kwa sababu za hataza, hivyo mwenye kadi ya AMD atakuta `vainfo` ikifunguka vizuri huku mistari hiyo ikikosekana. Kinachohitajika ni `mesa-va-drivers-freeworld` kutoka RPM Fusion, hazina ya vifurushi iliyo nje ya Fedora. Kwenye FreeBSD moduli ya michoro haimo ndani ya mfumo wa msingi: sakinisha `drm-kmod`, weka `i915kms` kwenye `kld_list`, ongeza `libva-intel-media-driver`, na mtumiaji aingizwe kwenye kundi la `video`. Kuanzia hapo maswali ya `vainfo` ni yaleyale.

Kwenye mashine ya kisa hiki yamebaki mafaili machache ya kamera, HEVC ya 4:2:2, ambayo bado yanapanda kwenye prosesa na yataendelea hivyo. Kwa kutazama tu yanaweza kusimbwa upya kuwa 4:2:0, draiva ya `non-free` ikiwapo:

```
ffmpeg -vaapi_device /dev/dri/renderD128 -i kamera.mov \
-vf 'format=p010,hwupload' -c:v hevc_vaapi \
-profile:v main10 -qp 22 -c:a copy nakala.mkv
```

Hapa kusimbua kunafanywa na prosesa na kusimba na chipu, kwa hiyo kasi itafungwa na prosesa. Nusu ya taarifa za rangi hupotea katika kushuka kutoka 4:2:2, na hazirudi. Faili la asili libaki kwa ajili ya uhariri.